Ukoo Usiozeeka

Nimeolewa katika ukoo ambao wanaume wake hawazeeki. Sisemi mimi, wanasema wenyewe, na humwambia yeyote aliyesimama karibu nao muda wa kutosha: fundi bomba, mpangaji mpya, mgeni aliyekuja kuulizia njia. Hakuna mwanaume wa kwao aliyewahi kuota mvi. Hakuna aliyekunjamana uso, hakuna aliyebaki na meno mawili, hakuna aliyetembelea mkongojo. Sebuleni kwa shangazi yao kuna ukuta mzima wa picha za marehemu wa ukoo, na mtu akiingia kwa mara ya kwanza hudhani ni timu ya mpira. Wote vifua mbele, nywele nyeusi tii, meno yametimia.

Siku nilipopelekwa kutambulishwa, niliutazama ukuta ule nikauliza swali la kijinga. Niliuliza wazee wao wako wapi. Shangazi akanijibu, tena kwa fahari kabisa, kwamba wazee ndio hao.

Shangazi huyu ni dada wa baba mkwe wangu, na ndiye mlinzi wa damu ya ukoo. Hakuna aliyempa cheo hicho, ila pia hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mwanaume wa ukoo akikaribia miaka thelathini huitwa kwake, husimamishwa dirishani, hushikwa kidevu na kugeuzwa kwenye mwanga kama shati linalotafutwa doa. Shangazi hutafuta pete. Pete ni mviringo mweupe, mwembamba, unaozunguka ile sehemu nyeusi ya jicho. Akiiona hupiga makofi, humkumbatia mhusika na kumwambia sasa amekuwa mwanaume. Kisha humvua viatu akakagua mshipa wa nyuma ya kisigino, ambao kwa wanaume halisi wa ukoo ni mnene kama kamba ya kufungia mizigo. Mwenye vyote viwili hahitaji cheti cha kuzaliwa. Asiyekuwa navyo, mama yake huanza kusalimiwa kwa kifupi.

Mume wangu anavyo vyote viwili. Watu wanamwita Kijana mpaka leo. Ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, na wateja wapya wakimkuta pale humwuliza baba yake yuko wapi. Yeye hucheka siku nzima kwa swali hilo, na jioni hunisimulia kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kwetu sisi tunazeeka. Tunazeeka mapema na tunazeeka ovyo. Mimi nilipata mvi nikiwa bado nanyonyesha. Baba yangu ana upara, ana makunyanzi mpaka kwenye viwiko, masikio yamemlegea, na amekuwa hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Bado yuko, anapanda baiskeli kwenda sokoni kugombana na wauza nyanya. Shangazi humhurumia sana. Kila akimwona husema mzee wa watu kazeeka vibaya. Mimi huongeza kimoyomoyo kwamba kazeeka vibaya, tena kwa muda mrefu.

Binti yetu alipozaliwa, mgawanyo ulifanyika kitovu kikiwa bado hakijadondoka. Miguu mirefu ikaenda kwao. Ngozi nyororo, kwao. Sauti nzuri, kwao, ingawa wakati huo alichojua ni kulia tu. Pua ikaletwa kwetu. Alipokua akavaa miwani, na macho hayo nayo yakaletwa kwetu. Hesabu zikamshinda darasani, ikaamuliwa kwamba kichwa cha hesabu amerithi upande wa mama. Mimi ni fundi cherehani. Kutwa napima viuno vya watu na nguo zinawakaa. Baba yake ndiye aliyewahi kutengeneza geti ambalo halikuingia kwenye nguzo zake. Lakini haya.

Bila shaka unajiuliza hao wasiozeeka huishia wapi. Hufa, lakini kwa sababu za heshima. Babu yao aliteleza kwenye ngazi. Baba mkwe wangu alipokea habari mbaya kwa simu. Baba yao mdogo alicheka kupita kiasi kwenye harusi. Kila mmoja na mkasa wake, na hakuna hata mmoja aliyefika hamsini. Halafu akafa kaka mkubwa wa mume wangu. Alirudi kutoka kazini, akaketi, akaomba maji, akanywa, na hakuinuka tena. Ukoo ulikutana ukakubaliana kwamba amekufa kwa kunywa maji baridi mwili ukiwa na jasho. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeruhusiwa kuweka maji kwenye friji. Neno moyo halikutajwa. Mioyo ya ukoo ule haina ugonjwa, husimama tu.

Nilimlilia sana shemeji yule, maana ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza habari za kazi yangu na kusubiri jibu. Nikiwa nalia nikawa namtazama mume wangu, ambaye umri wake ulikuwa unaukaribia ule wa kaka yake.

Haukupita muda akaanza kusimama kwenye ngazi. Tunakaa ghorofa ya juu, na yeye akifika katikati anasimama anautazama ukuta, kana kwamba umebandikwa tangazo jipya. Nikimwuliza anasema ni gesi. Anakunywa soda, anacheua, ananiambia si umeona. Nikaona kumbembeleza ni kupoteza muda. Nikamwambia mimi naumwa, anisindikize hospitali. Akanisindikiza kwa upole wote, akanishikia na mkoba. Tulipoingia kwa daktari nikakaa kwenye kiti cha msindikizaji, nikamwonyesha yeye kile cha mgonjwa.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye mvi kunishinda mimi. Kabla hajauliza lolote alimwinamia mume wangu usoni.

"Hebu nitazame. Tazama juu. Haya, tazama chini."

Mume wangu akatabasamu. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Hiyo ni ya ukoo. Baba alikuwa nayo, kaka alikuwa nayo."

"Vua viatu, tafadhali."

Hapo furaha ikamzidi. Alivua na soksi bila kuambiwa, akapandisha mguu juu ya kiti ili daktari asipate taabu ya kuinama. Sijawahi kuona mgonjwa anayejivunia dalili namna ile. Daktari akaubonyeza mshipa wa kisigino kwa vidole viwili, kisha akainua macho.

"Baba yuko hai?"

"Hapana."

"Na kaka?"

"Alikunywa maji baridi."

Daktari akanigeukia mimi. Nikatazama chini, maana sikuwa na namna ya kumweleza mtu aliyesoma.

Alichukuliwa damu, tukaambiwa turudi. Tuliporudi, daktari alitueleza taratibu, na mimi nilisikiliza kwa masikio yote. Alisema mwili hujengwa kwa maelekezo yanayoitwa jeni, na kila mtu hupewa seti mbili, moja ya baba na moja ya mama. Humo ndimo yamo mambo ya kimo, rangi ya ngozi, umbo la pua, nywele zitaanza lini kuwa nyeupe. Humo pia yamo maelekezo ya namna ini linavyoondoa kolesteroli, yale mafuta yanayozunguka kwenye damu. Katika seti moja ya mume wangu maelekezo hayo yana kosa. Ini lake limefanya kazi kwa mkono mmoja tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake. Mafuta yanayobaki huganda kwenye mishipa ya moyo, na mengine hujitafutia makazi kwingine.

"Kwa hiyo hii pete," mume wangu akasema.

"Ni mafuta."

"Na kisigino?"

"Mafuta."

Nilimwona akitafuta kichwani kitu kingine cha kwao ambacho hakikuwa mafuta. Akakosa. "Lakini daktari, mimi si mnene. Na nitazame uso. Watu wananiita Kijana."

"Unene hauhusiani sana na hili. Na uso ni uso. Mtu anaweza kuwa na ngozi ya kijana na mishipa ya babu, kwa sababu kila kimoja kina maelekezo yake. Chakula kina mchango, ndiyo, punguzeni mafuta, lakini hili hukulila. Umezaliwa nalo. Wanao kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nalo." Akaandika dawa. "Kidonge kimoja kila siku, maisha yote. Ukikimeza bila kukosa utazeeka kama watu wengine."

Masikini daktari wa watu hakujua kwamba amemtukana.

Mume wangu alichukua dawa, akashukuru, akawa anameza kila asubuhi. Ndivyo nilivyoamini, mpaka siku moja nilipoketi kushona suruali yake ya kazi iliyoungua na cheche. Nikaingiza mkono mfukoni kuutoa nje. Vidonge vilikuwa humo, vimejaa vumbi la chuma, vingine vimeanza kumeng'enyuka. Alikuwa anavitia mdomoni mbele yangu, anavitema kwenye ngazi na kuvificha mfukoni.

Nilivipanga juu ya meza ya cherehani, nikamsubiri.

"Hivi ni nini?"

"Nilisahau."

"Vyote?"

Akavuta kiti akaketi. "Wewe unaona ni kidonge tu. Nikikimeza maana yake baba alikuwa mgonjwa. Kaka alikuwa mgonjwa. Maana yake ukuta mzima wa Shangazi ni wagonjwa."

"Ni marehemu. Hilo nalo halikutoshi?"

"Usiniseme ukoo wangu."

"Siusemi. Nauhesabu."

Akainuka akatoka, na mlango akaufunga kwa adabu, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kuubamiza. Mimi niliogopa. Nimezoea kusema mambo kwa kejeli, lakini hapa naweka kejeli pembeni: niliogopa. Simu ikiita kutoka karakana nilikuwa naiacha iite kwanza, nijiandae kuwa mjane, ndipo naipokea. Kumbe anauliza kama nimeona tepu yake ya kupimia.

Nikaona nijaribu kupitia kwa mdogo wake, shemeji yangu anayefuata. Yeye ni dereva wa lori, mtu wa safari, nikadhani ameona mengi. Nilimweleza yote aliyoyasema daktari, nikamwomba naye akapime, kisha amshawishi kaka yake. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia, "Nimekuelewa, shemeji." Kisha akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Shangazi.

Tukaitwa Jumapili mchana. Walikuwepo Shangazi, shemeji, wanaume wengine wa ukoo wa rika lao, mume wangu na mimi. Wote wameketi chini ya ule ukuta wa picha, na kwa kweli tofauti ya walio juu na walio chini ilikuwa fremu tu.

Shangazi alianza bila salamu. "Nasikia damu yetu ina mafuta."

Akatupitia kwa macho mmoja mmoja.

"Mimi naijua damu hii. Nimeiangalia kwa macho yangu, kizazi baada ya kizazi. Haina doa. Sasa mtu aje aniambie mafuta yametoka wapi." Akanigeukia. "Mke wetu. Nyumbani kwako nani anapika?"

"Mimi, Shangazi."

"Sikukuu huwa wanakula kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi."

Basi. Yaani kesi imeisha. Jinsi babu yao, aliyekufa mimi sijazaliwa, alivyoweza kula chakula changu, hilo halikuguswa. Wanaume wote wakanitazama kwa huzuni, kama watu waliogundua kuwa wamekuwa wakilishwa sumu kwa ukarimu. Shemeji akajishika tumbo.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu siku ya kuolewa, nimelipanga na kulipiga pasi. Nilitaka kuanza na ukuta, nishuke kwa pete, nimalizie kwa visigino, na nikimaliza asibaki mtu na fahari ya kukalia. Nikavuta pumzi. Kisha nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua kifua, taratibu, bila yeye kujua kwamba unasugua.

Nikajiuliza ninachotaka ni nini hasa. Kushinda, au huyu mtu ameze kidonge.

"Ni kweli, Shangazi," nikasema. "Ni mapishi yangu."

Shangazi hakutegemea. Mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi huyumba kidogo, na yeye aliyumba. "Unakubali?"

"Nakubali. Nina mkono mzito wa mafuta. Kwetu wote tuko hivyo, mama yangu alikuwa hivyo. Nimewajaza bila kujua. Damu yenu ilikuwa safi, mimi ndiye niliyeichafua. Ila daktari anasema mafuta ya namna yangu ni sugu, hayatoki mpaka kwa kidonge, tena kila siku, tena maisha yote."

Shangazi akawageukia wanaume. "Mmesikia. Kila mmoja wenu akapime. Atakayekutwa na mafuta ya huyu mwanamke ameze dawa. Sitaki ukoo wangu umalizwe na jiko la watu."

Mume wangu aliinua macho akanitazama. Yeye alikuwepo kwa daktari. Alisikia neno kwa neno: hukulila, umezaliwa nalo. Nilimpa nafasi. Nilisubiri aseme japo sentensi moja, hata nusu. Akarudisha macho kwenye zulia. Iliniuma, sifichi, iliniuma kuliko yote aliyoyasema Shangazi tangu nimemjua.

Kesho yake asubuhi alisimama katikati ya jikoni, akaweka kidonge kwenye ulimi, akanywa maji, akafungua mdomo nione hakuna kitu. Nikasema asante. Sikumwongezea neno jingine siku hiyo, wala yeye hakuniomba.

Basi nikawa mwanamke aliyewatia ukoo mzima mafuta. Shemeji alikwenda kupima, akakutwa nayo, akamweleza muuguzi kwamba ameambukizwa na mke wa kaka yake kupitia maandazi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wote wenye pete, wote na visigino vyao, na kila mmoja akiulizwa historia ya familia anataja jiko langu. Daktari akanipigia simu.

"Samahani mama, unawapikia nini hawa watu?"

"Daktari," nikamwambia, "wewe wape dawa tu."

Nadhani akaelewa. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalikwepa. Akaniambia nimlete mtoto.

Binti yetu alikuwa ndio kwanza anaingia kidato cha kwanza. Bado hana pete, bado visigino vyake ni vyembamba kama vyangu, na nilikuwa nimejipa matumaini kwa mambo ambayo daktari alishanieleza kwamba hayana maana. Majibu yakatoka. Anayo. Katika kugawiwa seti yake ya baba, akapata ile yenye kosa. Daktari alisema tumewahi, kwamba akianza dawa mapema na kuzifuata hatakuwa na hadithi ya kina babu zake. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Jioni ile niliweka chakula mezani. Maharage ya kuchemsha, mchicha, wali mkavu. Tangu kesi yangu iamuliwe nilikuwa napika chakula ambacho hata mgonjwa angekilalamikia. Binti yangu akaitazama sahani, akaisogeza mbele kwa kidole.

"Sitaki."

"Huna njaa?"

"Ninayo." Akavua miwani, akaifuta na blauzi, asinitazame. "Baba mdogo amesema ni wewe. Shangazi naye amesema. Wote wanaumwa kwa sababu yako, na mimi sasa naumwa. Sitaki kula chakula chako, mama."

Nimesemwa mengi katika nyumba ile. Pua, macho, hesabu, mvi. Yote niliyapokea na kuyacheka. Hili sikujua niliweke wapi. Nikikataa, atakwenda kwa Shangazi kuuliza, Shangazi ataitisha kikao kingine, na wanaume wote watavitema vidonge kwenye ngazi. Nikikubali, mwanangu atakua akiamini kwamba mama yake alimlisha ugonjwa kwa kijiko. Mume wangu alikuwa ameketi palepale, mkono uko kwenye glasi. Sikumtazama. Nilishachoka kumpa nafasi.

Mlango ukagongwa. Shangazi akaingia na hotipoti kubwa, ameikumbatia kifuani. "Nimesikia majibu," akasema, akaiweka mbele ya mtoto na kuisukuma sahani yangu pembeni. "Pole, mwanangu. Kuanzia leo utakula cha kwangu. Hiki ni safi, hakina cha mtu. Mama yako si mbaya, ila ndivyo walivyo kwao."

Mtoto akashika kijiko.

"Shangazi," mume wangu akasema, "funga hiyo hotipoti."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumwambia mteja kwamba chuma kimepanda bei. Shangazi akadhani hakusikia vizuri.

"Mafuta hayakutoka kwa mke wangu. Daktari aliniambia siku ya kwanza kabisa, na mimi nikaja kukaa kwako kimya, nikamwacha ajibebeshe. Alijibebesha ili mimi nimeze dawa. Na mimi nikanyamaza kwa sababu niliona aibu." Akamgeukia mtoto. "Mwanangu, nitazame. Si chakula cha mama yako. Nimekupa mimi. Mimi nilipewa na babu yako, naye alipewa na baba yake. Ni ya kwetu. Ndiyo yaliyomuua baba yako mkubwa, si maji."

Binti yangu alitutazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono, akaivuta sahani yangu, akaanza kula. Kilikuwa kimeshapoa, lakini alikula tu, machozi yakimdondokea kwenye maharage, na mimi nikageukia sinki nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilisubiri mvua ya maneno. Haikunyesha. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na mikono yake ilikuwa juu ya mfuniko wa hotipoti.

"Ile pete," akasema.

"Ni mafuta, Shangazi," mume wangu akamjibu.

"Kaka yako nilimwangalia mimi. Nilimsimamisha dirishani mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nilimpigia makofi."

Akaugusa mfuniko, akauachia.

"Baba yako pia. Alikuwa mdogo wangu yule. Nilimwambia sasa amekuwa mwanaume." Akaangalia viganja vyake. "Wote niliwapigia makofi."

Ile hotuba yangu ya miaka mingi, iliyopangwa na kupigwa pasi, ilikuwa na nafasi yake sasa, na hakuna ambaye angenikatiza. Niliitafuta, sikuiona. Nilichoona ni bibi mmoja aliyezika kaka na wadogo na watoto wao, amekaa jikoni kwangu na chakula kisicholiwa.

"Wanawake nao huwa nayo?" akauliza baadaye.

"Huwa nayo," nikasema. "Ila kwetu wanawake mara nyingi moyo huchelewa kusumbua."

Akafikiri. "Mimi kuna kitu kinanibana hapa nikipanda kile kilima cha sokoni. Kinashika mpaka kwenye taya. Nimekuwa nikijiambia ni uzee." Lilikuwa neno zito kutoka kwa mtu wa ukoo ule, na alilisema haraka ili lipite. "Huyo daktari wako, saa hizi bado yuko?"

"Yuko."

"Basi nisindikize sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Naogopa sindano." Akajifunga mtandio, kisha akanivuta karibu, akashusha sauti ingawa jikoni mle kila mtu alikuwa anamsikia. "Lakini tukifika kule, wakiniuliza nimeyapata wapi, utasema ni mapishi yako."

Tangu nilipoolewa, Shangazi hajawahi kula chakula changu hata kijiko kimoja. Sikukuu zote huja na cha kwake. Mume wangu akafungua mdomo kusema hivyo hivyo, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Sawa, Shangazi," nikamwambia. "Nitasema ni mimi."

Alinishika mkono ili ainuke, na hakuuachia mpaka tulipokaa mbele ya daktari.